Mupangaji Mwenye Kupima Sababu

Miaka ya vita, mupangaji wangu hapa Kimemi alijitayarisha kwa examen ya kuingia masomo makubwa ya biashara kule Kampala, examen yenye kuuliza kama sababu ya mutu inatosha. Kreyo ya kuandikia ku sikio, alipima maneno ya kila mutu: "Sababu haitoshi, lete ingine." Hata kwa padri, kisha ya misa, alisema vile. Siku moja soda mumoja, askari mwenye bunduki, akakamata mbuzi yangu ya pekee. "Ilikula majani ya adui, donc ni ya adui." Nikalia. Mupangaji akakohoa, akatosha kreyo ku sikio. "Chef, jana ulikula maharagwe ya nani?" "Ya huyu mama," soda akanionyesha. "Donc, uko wa mama." Soda akafikiri sana, akaachilia kamba ya mbuzi, akaikala ku kiti changu. "Mama, mutoto wako leo anakula nini?"