Suruali Iliyotembea Hadi Maporomokoni

Baba yangu alikuwa fundi wa nguo mjini Thika, miaka ile ya hamsini ikielekea kuisha. Cherehani yake ilikaa barazani mbele ya duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa, na baba alikaa nyuma ya cherehani hiyo tangu asubuhi hadi duka lilipofungwa. Hatimaye miguu ikaanza kumvimba. Akaenda zahanati, na dresa, msaidizi wa daktari, akamwambia kwamba ugonjwa wake ni kukaa, na dawa yake ni kutembea mwendo mrefu kila Jumapili.

"Nitembee nikienda wapi?" baba akamuuliza.

"Popote pasipo na kiti," dresa akamjibu.

Baba hakujua kufanya jambo nusunusu. Akatangaza nyumbani kwamba tutaitembelea nchi yote inayotuzunguka. Mama akamkumbusha kwamba miguu iliyovimba ni ya mtu mmoja. Baba akasema mtu hawezi kutembea peke yake kama mwizi. Basi wadogo zangu wakawa wanapelekwa kwa cucu, bibi yetu, kila Jumapili baada ya kanisa, na sisi watatu, baba, mama na mimi niliyekuwa darasa la nne, tukashika njia. Mimi nilibeba kikapu cha viazi vitamu vilivyochemshwa na chupa ya chai iliyozibwa kwa gunzi la mahindi.

Lazima niseme kuhusu suruali mapema, kwa sababu ndizo zilizotuponza. Baba aliamini kwamba suruali mpya haijakamilika mpaka itembee. Unaweza kuipiga pasi utakavyo, alisema, lakini mshono unajua ukweli wake ukiwa njiani. Kwa hiyo Jumapili alivaa suruali ya mteja, yoyote iliyomkaa vizuri, na Jumatatu aliipiga pasi na kumkabidhi mwenyewe. Mama alimwambia huo ni wizi. Baba akasema ni ukaguzi.

Tulianza karibu. Tulishuka mahali mito ya Chania na Thika inapokutana, tukasimama ng'ambo ya hoteli ya Wazungu tukiyatazama maji yakianguka, na baba akasema bonde lile lilikatwa na mtu asiyekuwa na chaki. Jumapili iliyofuata tukafuata reli kwa miguu mpaka Ruiru, tukarudi kwa gari la moshi kwa sababu mama alikaa chini stesheni akakataa kuinuka. Baba aliandika kila safari katika daftari lake la vipimo. Ukurasa mmoja ulikuwa na kiuno na kifua cha karani wa posta, na ukurasa wa pili hatua kutoka daraja la Chania hadi mkuyu wa kwanza.

Katika mashamba ya kahawa kati ya miji hiyo miwili tulikuta siku moja kibao cha mbao kilichoandikwa kwa Kiingereza. Baba alisoma Kikuyu na Kiswahili bila taabu, lakini Kiingereza alikisoma kwa kukisia. Alikikagua kibao kile, akasema kinatuonyesha njia ya kwenda mtoni. Mimi nilikuwa nimeshafundishwa maneno yale shuleni, na nilijua yanasema hapapitwi. Nikanyamaza. Kumsahihisha baba mbele ya mama lilikuwa jambo zito kuliko kupita pasipopitwa.

Mbwa watatu wakaja. Mama akachukua kikapu mkononi mwangu, akawa anarudi kinyumenyume akiwarushia kiazi kimoja kimoja kwa mpangilio, kama mtu anayewalipa. Mbwa wakavila, wakakaa chini kungojea vingine. Mlinzi wa shamba, mzee mpole aliyetoka magharibi, alitukuta hivyo. Akamuuliza baba kama amesoma kibao. Baba akasema amekisoma. Mlinzi akamtazama kwa muda, kisha akatuonyesha njia ya kweli ya kwenda mtoni, iliyopita nje ya ua wa shamba.

Ndipo baba akapata hamu ya Maporomoko Kumi na Manne. Dereva wa lori la mkonge, ambaye baba alimrekebishia koti, alikuwa amemweleza kwamba upande wa Kilimambogo, mto Athi unaanguka mahali kumi na nne kwa mara moja. Baba hakuamini. Akataka kwenda kuhesabu. Dereva akakubali kutuchukua Jumapili moja ya kiangazi, alipokuwa anarudisha lori tupu shambani, na akaahidi kutungoja jioni.

Asubuhi hiyo baba alitoka chumbani akiwa amevaa suruali ya kijivu ya sufu, yenye mkunjo uliosimama wima. Mama alipoiona akaweka kikombe chini. Ilikuwa suruali ya mwalimu mkuu wa shule yangu. Mwalimu alikuwa amenunua kitambaa chake mwenyewe, Nairobi, kwa ajili ya siku ambayo mkaguzi wa shule angekuja.

"Baba watoto," mama akasema, "hiyo vua."

"Hii ndiyo inayohitaji kutembea kuliko zote," baba akasema. "Itasimama mbele ya Mzungu."

Lori likapiga honi, na mjadala ukaishia hapo.

Tulipita Gatuanyaga tukiwa juu ya magunia matupu, vumbi likituingia masikioni, na baba akiwa amesimama njia nzima ili asiharibu mkunjo. Dereva alitushusha kwenye shamba la mkonge, tukafuata njia ya ng'ombe. Tuliyasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Kisha miti ikaisha na mto wote ukawa mbele yetu, mpana, mweupe, ukianguka kwa vipande vipande kati ya mawe meusi. Mama, aliyelalamika tangu Thika, alisogea mpaka ukingoni. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba hakujua kuna kitu kama hiki na sisi tunakaa Thika tukinunua chumvi kila siku.

Baba alianza kuhesabu. Akafika kumi na moja. Akahesabu tena, akapata kumi na tano. Akasema kutoka pale tulipo hesabu haiwezi kwenda sawa, lazima avuke mpaka kwenye jiwe kubwa lililokuwa katikati. Maji yalikuwa ya magotini tu. Lakini hakutaka kulowesha sufu ya mwalimu. Akavua suruali, akaikunja kufuata mkunjo wake, akaitandika juu ya jiwe lililokauka, akaingia majini na shati lake refu.

Alifika kwenye jiwe kubwa salama. Alikuwa ameinua kidole akihesabu kwa sauti wakati nyani mkubwa aliposhuka kutoka vichakani, akatembea taratibu kabisa, akachungulia kikapu chetu, akaona mama amekikalia, akachukua suruali badala yake. Hakukimbia. Aliiweka begani akaondoka nayo. Mama alirusha kiatu. Mimi nikamfuata mpaka ukingoni mwa miti nikaona anapanda mkuyu uliopasuka katikati, na hapo wenzake wakaanza kubweka, nikarudi mbio.

Baba alikuwa ameshafika kumi na tatu. Hakujua lolote mpaka alipogeuka.

Alivuka kurudi akiwa ameshika pindo la shati. Aliketi nyuma ya kichaka na kubaki huko kwa muda mrefu. Mama alivua leso aliyojifunga juu ya gauni, leso ya manjano yenye korosho nyekundu, akamrushia juu ya kichaka bila kumtazama. Namshukuru mama hata leo kwamba hakucheka. Alisubiri mpaka tulipofika kwa cucu kuwachukua wadogo zangu.

Lori halikuwepo. Dereva alikuwa ametumwa kwingine, wakatuambia shambani. Tukaanza kutembea kurudi Thika. Jua lilikuwa bado kali, barabara ilikuwa nyeupe kwa vumbi, na baba alitembea mbele akiwa na shati, kofia na leso, hatua fupi fupi kwa sababu leso haikumruhusu ndefu.

Karibu na Gatuanyaga palikuwa na kizuizi cha askari. Hali ya hatari ilikuwa imelegea lakini haikuwa imekwisha, na mtu mzima wa Kikuyu hakutembea bila kipande, kile cheti cha utambulisho. Askari, kijana mwenye sare iliyompwaya, alimwangalia baba kutoka juu hadi chini, akarudi juu.

"Kipande."

"Kiko mfukoni," baba akasema.

"Mfuko uko wapi?"

"Kwenye suruali."

"Na suruali?"

Baba akanyoosha kidole nyuma, kuelekea Kilimambogo. "Iko kwa nyani."

Askari hakucheka. Nadhani alikuwa anafikiria jinsi atakavyoliandika hilo. Alimwambia baba akae chini kando ya barabara, na baba akakaa, na leso ikapanda, na mama akaishusha. Nilianza kulia. Tulijua watu waliokaa chini kando ya barabara hivyo wakapandishwa magari, na hawakurudi kwa miezi.

Ndipo baiskeli ikatokea, na juu yake mwalimu mkuu mwenyewe, akitoka kuwasalimu wakwe zake Gatuanyaga. Alishuka. Alimsalimu mama, akanipa mkono, kisha akamwona baba. Mwalimu alikuwa mtu mrefu, mkavu, ambaye shuleni hatukuwahi kuyaona meno yake. Akauliza kuna nini, na askari akamweleza. Mwalimu akasema anamfahamu mtu huyu, ni fundi wake, ni mtu mwaminifu kabisa, na yuko tayari kuandika hivyo na kutia sahihi. Akaandika, kwa Kiingereza, juu ya goti lake. Askari akasoma polepole, akakunja karatasi, akainua mti wa kizuizi tupite.

Mwalimu alitembea nasi mwendo mrefu akisukuma baiskeli. Alimpa baba pole. Akasema kupoteza suruali ni jambo la kuumiza, hasa kwa fundi. Kisha akasema:

"Yangu lakini iko salama?"

Mama alikohoa. Baba alitazama mbele, kule vumbi lilikokuwa likiinuka.

"Imebaki kazi kidogo tu, Mwalimu," akasema.

Usiku huo baba hakula. Asubuhi hakwenda kwenye cherehani. Mama alimpa chai na akamwambia maneno machache niliyoyasikia kupitia ukuta wa mbao: kwamba yule mtu ametia sahihi jina lake kwa ajili yake, na kama hataenda kusema ukweli, ataenda yeye. Mchana walikwenda wote wawili, nami nikafuata kwa sababu nilikuwa narudi shuleni hata hivyo.

Tulimkuta mwalimu ofisini. Baba alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, kuanzia miguu kuvimba mpaka nyani. Hakuficha hata suruali za wateja wengine. Mwalimu alisikiliza bila kusogea. Baba alipomaliza, mwalimu aliinuka, akatoka nje, akafunga mlango. Tulidhani amekwenda kuleta kiboko. Kupitia dirishani nikamwona amejishika kwenye mlingoti wa bendera, mabega yakimtikisika. Siku hiyo ndiyo niliyoyaona meno yake.

Aliporudi uso ulikuwa umekauka kama kawaida. Akauliza ni nani aliyeona nyani alikokwenda. Nikasema ni mimi.

Kwa hiyo Jumamosi dereva wa lori, akiwa na aibu yake mwenyewe, alituchukua tena: baba, mwalimu na mimi wa kuonyesha mti. Baba alivaa kaptula yake kuukuu. Nilitangulia mpaka kwenye mkuyu uliopasuka, na pale juu, kwenye tawi la tatu, suruali ilikuwa inaning'inia. Mguu mmoja ulikuwa umeraruliwa kuanzia gotini, na wa pili ulikuwa umetafunwa pindo. Nyani hawakuwepo.

Baba aliokota mawe. Mwalimu akamwambia ayaweke chini. Akavua koti, akanishikisha, akavua viatu na soksi, na kabla hatujaelewa anataka kufanya nini alikuwa tayari kwenye tawi la kwanza. Alipanda vizuri sana. Akatupa suruali chini, na baba akaingiza mkono mfukoni, akakuta kipande kikiwa kizima, pembe moja tu ikiwa na alama za meno. Akakibusu.

Lakini mwalimu hakushuka. Tulimngoja. Baba akamwita, akauliza kama amekwama.

"Fundi," sauti ikatoka kwenye majani, "hebu panda uone hapa."

Baba alisema miguu yake haiwezi. Mwalimu akasema ameshuhudia mwenyewe miguu hiyo ikitembea kutoka Kilimambogo na leso. Basi baba akapanda, kwa shida, akisukumwa na mimi kutoka chini na kuvutwa na mwalimu kutoka juu. Wakakaa tawini bega kwa bega, miguu ikining'inia, wakiutazama mto wote kwa mara moja. Nilisikia wanahesabu. Walibishana juu ya poromoko moja jembamba upande wa kushoto, kama ni moja au ni mawili, na ubishi huo ulichukua muda kiasi kwamba niliumaliza mkate wote tuliopewa na mke wa mwalimu.

Suruali haikuweza kuokolewa. Baba alikata miguu yote miwili juu ya goti, akaipinda, akaipiga pasi, ikawa kaptula ya sufu ya kijivu, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana Thika. Mwalimu aliivaa siku ya mkaguzi, na soksi ndefu. Mkaguzi, ambaye naye alikuwa na kaptula, ya khaki, aliitazama sana, na kabla ya kuondoka akauliza imeshonwa na nani.

Jumapili iliyofuata mwalimu alikuja nyumbani baada ya kanisa, akiwa na fimbo na mkewe. Akauliza leo tunakwenda wapi. Baba akasema Ruiru, kwenye maporomoko madogo nyuma ya mashamba, ambayo hajayafikia lakini ameambiwa. Mama akauliza kama kuna mbwa. Tukatoka, watano sasa, na mwalimu akatangulia kwa mwendo wa askari, mpaka ilibidi baba amwombe apunguze.