Majina ya Ndizi Katika Daftari la Mume Wangu

Mume wangu aliacha madaftari saba ya maneno ya Kinyambo na maana zake kwa Kiswahili. Tulipomaliza matanga hapa Ihembe, binti yetu aliyasoma yote, akayachapa kwenye kompyuta. Yeye na wenzake wanatengeneza programu ya simu inayokagua maandishi ya lugha yetu, ya bure kwa kila mtu. Alitaka kuweka humo faili la maneno ya baba yake, na jina lake liandikwe.

Aliniletea karatasi ya kibali nisaini, kwa kuwa mimi ndiye mjane. Ilisema maneno hayo ni kazi ya marehemu. Nilishika kalamu, kisha nikaiweka chini. Daftari la sita, lenye majina ya ndizi, halikuwa kazi yake. Alilinakili kutoka daftari tuliloazima kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Rugu. Macho ya mume wangu yalikuwa yamechoka, hivyo mimi nilisoma, yeye akaandika. Lile la mwalimu tulilirudisha na mkungu wa ndizi, tukaona yameisha.

Hakuna mwingine aliyejua. Nilimweleza binti yangu, naye akasema bila ruhusa ya mwenyewe hawezi kuliweka.

Tulikwenda Rugu kwa bodaboda. Mwalimu ni mama mzee, mwembamba, anayetembea na fimbo. Nilimwamkia, akatupa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, akanipa pole ya msiba. Kisha akanitania.

"Mumeo alikaa na daftari langu misimu miwili ya kahawa. Nilidhani analifundisha kusoma."

Nilicheka kidogo. Nilimweleza yote, pamoja na ule usomaji wangu. Binti yangu akaeleza leseni: anayepata programu anaweza kuinakili, kuibadilisha, hata kuiuza. Mwalimu aliuliza neno la kuuza mara mbili. Alisema majina hayo aliyakusanya kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kwa akina mama ambao wengi wao wamekwisha kufa, na kila mmoja wao yeye alimwahidi kwamba hayatauzwa.

"Watoto wasome bure. Kuuza, hapana. Mumeo aliniomba ayasome, mama. Hakuniomba ayagawe."

Binti yangu alimwambia kwamba programu inasambazwa kama furushi moja, na faili moja lenye sharti lake lingelizuia furushi zima. Alimwahidi kuyaondoa majina hayo. Mwalimu akatufungia maharage ya kwenda nayo.

Nyumbani nilimwomba binti yangu aandike upya ile karatasi: madaftari sita, si saba. Nikasaini.

Programu ilitoka baada ya mavuno. Jina la mume wangu limo, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Wiki iliyopita nilimwandikia dada yangu wa Nyakahanga ujumbe wa Kinyambo kwamba enshakala zimekomaa, aje achukue mkungu. Maneno yote yalipita. Chini ya enshakala, jina la ndizi la daftari la sita, ukatokea mstari mwekundu, kama neno ambalo halijawahi kuwapo.

Niliutazama mstari huo kidogo, kisha nikatuma ujumbe kama ulivyo.