Mgongo Uliopita Nyuma ya Keki

Niliwahi kuamini kwamba kamera za HD zinamgeuza mtu. Unachukua mkanda wa video wa zamani, unaurekodi upya kwa kamera hiyo, na aliyekupa mgongo anageuka kukutazama. Alinieleza jirani yangu wa dawati kwenye masomo ya jioni, na mimi, na cheti changu cha kidato cha nne, nikameza bila kutafuna.

Nilikuwa na sababu ya kumeza. Mama alikuwa amefariki, na picha aliyotuachia ni ya kitambulisho, amekunja uso kama anayeng'olewa jino. Misa ya mwaka ilipokaribia, baba alisema, "Laiti ningemwona tena akicheka." Ndipo nikakumbuka mkanda wa harusi ya baba mdogo. Nyuma ya keki anapita mama na kitenge chake cha tausi, amegeukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Deki yetu ilikufa zamani, ila mabega yale sikuyasahau. Nikamwahidi baba uso.

Morogoro niliiacha alfajiri, mvua ikinyesha kama aliyeko juu ameghairi kutuumba. Baba alisimama mlangoni.

"Usiupoteze mkanda huo."

"Baba, nitaulinda kuliko figo zangu."

Kariakoo nilifika mchana. Mtaa wa Msimbazi ulikuwa na madimbwi ya kutia nanga meli. "Mguu huo, mjomba! Mguu!" alifoka msukuma mkokoteni, na tope likanipanda hadi kwenye tai. Yapata maduka elfu moja nikaulizia, wakanielekeza kwa Mchaga mmoja muuza vyombo vya umeme, ambaye mtaa mzima unamwita Mangi.

"Mambo, Mangi?"

"Poa, mwalimu. Karibu." Alidanganywa na tai.

Kamera yenyewe ilienea kiganjani. Akaielekeza nje, na kwenye kioo chake kidogo nikaona jasho la mchukuzi wa ng'ambo ya barabara, tone kwa tone. Kidogo nione na anachowaza.

"Sasa nigeuzie huyu mama," nikasema, nikamkabidhi mkanda.

Mangi alinitazama, akautazama mkanda, akaunganisha deki na kamera. Keki ikatokea. Tausi akapita. Tukarekodi, kisha akaonyesha kwenye televisheni pana kama mlango wa ghala. Mgongo ulikuwa mgongo uleule, ila mkubwa, umemeguka vipande vya rangi.

"Hapo mwalimu umepata ukungu wa hali ya juu!" Mangi akacheka. "Ni nani wako?"

"Mama. Hatunaye."

Akapunguza sauti ya televisheni, ingawa haikuwa na sauti. "Pole sana, kaka. Mimi nauza na kukodisha tu, mambo ya kugeuza sijayasikia. Labda ukaangalie taratibu nyumbani."

Hilo "labda" ndilo nililoondoka nalo. Nikaikodi kamera, tuirekodi pia misa, nikarudi stendi na mvua yangu.

Njiani kurudi nilikaa dirishani nikimtazama mama kwenye kile kioo. Anapita, narudisha. Anapita, narudisha. Karibu na Chalinze niliapa nimeona shavu. Abiria wa pembeni akauliza, "Sinema gani hiyo, kaka, haina mbele?" Nikamwambia ndiyo kwanza inaanza.

Nyumbani giza lilikuwa linaingia. Shangazi walishafika kwa ajili ya misa, wamekaa mkekani wakichambua mchele. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani, siku moja kabla.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemleta?"

Nikamfungulia kioo. Shangazi wakaacha mchele, wakajaa nyuma ya kiti chake. Baba akaisogeza kamera hadi puani.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Kisha akanirudishia, taratibu, kama kikombe cha chai kilichojaa.

"Kitenge ni chake kweli. Lakini huyu ni Mama Salome wa hapo jirani. Hakuwa na nguo ya ukumbini, mama yako akamwazima. Mwenyewe alibaki nyuma kwenye masufuria ya pilau, na kanga yake ya kupikia."

"Lakini baba, kamera hii..."

"Mpiga picha hakufika jikoni, mwanangu. Kamera haimgeuzi mtu. Na ambaye hakupigwa, hayumo."