Mulei na Mchezo Usioisha

Anayetaka kusikia mema ya Mulei amwulize mama yake mzazi. Mimi Ndinda nilikuwa jirani yake tu, shamba langu na lake likitenganishwa na safu ya mikonge, na niliyoyaona yananitosha.

Hakuwa mlevi. Afadhali angekuwa mlevi, maana baa ikifungwa mlevi hurudi nyumbani. Alisoma hadi kidato cha nne, akarudi kulima pojo na kunde huku juu ya Kibwezi, akamwoa Muthoki, msichana wa kutoka Nuu. Muthoki alikuwa mpole kupita kiasi, na nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja.

Mwaka wa tisini na sita Hassan, fundi wa redio pale mjini, aliletewa na ndugu yake mashine ya michezo ya televisheni kutoka Mombasa. Vijana wengine walicheza mpira au kukimbiza magari, wakachoka, wakaenda zao. Mulei akachagua mchezo wa mtu mwenye upanga anayezunguka nchi nzima akimtafuta mfalme mwovu. Huo hauishi kwa siku moja. Unacheza, unahifadhi, kesho unaendelea ulipoachia. Hassan mwenyewe alimwonya kwamba ukifuata njia iliyonyooka utamaliza kama saa arobaini, lakini ukitaka kuingia kila pango na kufungua kila sanduku, hata saa mia hazitoshi. Mtu mwenye akili angeogopa. Mulei alichekelea kama aliyeahidiwa ng'ombe.

Muthoki alipomwuliza habari ya shamba, alimjibu, "Wacha nimalize hii gemu kwanza, halafu nitakaa shamba mpaka unichoke." Maskini akamwamini.

Sisi huku tuna mwethya. Kikundi kinalima kwa huyu leo, kwa yule kesho, na ukikosa kwenda kwa wenzako, zamu yako inarukwa. Tena hatungoji mvua ndipo tupande. Mbegu inaingia kwenye udongo ungali mkavu, maana mvua yetu ni mgeni asiyelala, na anayesubiri matone ya kwanza ameshachelewa. Mulei alikosa kwa Kaluki, akakosa kwangu, akakosa kwa mzee Mwangangi. Kila mara alikuja Muthoki, mtoto mgongoni, akilima mahali pa watu wawili. Wanawake wa kikundi walitaka zamu ya nyumba hiyo irukwe. Mimi ndiye niliyewasihi waiache, kwa ajili ya Muthoki, si kwa ajili ya yule mjinga wake.

Siku yao ilipofika tulikuwa pale jua likichomoza, na uji ulikuwa tayari. Mbegu ndizo hazikuwepo. Zilikuwa ghalani, ghala lina kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mulei, aliyeanza kutembea nao tangu kunde zao zilipoibwa mwaka uliotangulia. Alikuwa ametoka mapema akisema anarudi mara moja. Nikataka tuvunje mlango. Muthoki akakataa, akasema hawezi kumwaibisha mumewe mbele ya kikundi kizima, na kwamba aliahidi kurudi. Tukanywa uji, tukakaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Jua lilipopanda nilijifunga leso nikashika njia ya mjini, mguu na hasira.

Nilimkuta ameketi juu ya kreti ya soda, macho kwenye televisheni.

"Mulei, mwethya iko kwako na mbegu umefungia!"

"Aii, mama, ngoja kidogo tu. Niko karibu."

"Karibu na nini? Muue huyo mfalme wako twende!"

Hassan alijibu kutoka nyuma ya meza yake, bila kuacha redio aliyokuwa akiifungua. "Alishamuua huyo mfalme Jumatano, mama. Mchezo umekwisha."

Nikamgeukia Mulei. "Umemaliza tangu Jumatano?"

"Nimemaliza, lakini si yote," Mulei akasema. "Kuna masanduku imebaki chini ya hii mlima. Tatu tu. Sasa mtu ataacha tatu kweli, mama?"

Nilimtukana mbele ya Hassan, nikavuta pumzi, nikamtukana tena. Aliingiza mkono mfukoni akanipa ufunguo wa ghala lake bila hata kugeuza kichwa. Nilimchukia pale pale, na sijaacha.

Niliporudi, nusu ya kikundi ilikuwa imeenda nyumbani, na haki yao. Tuliobaki tulipanda upande wa juu mpaka tukaishiwa nguvu. Wiki hiyo hiyo mvua ikaja, ikakaa siku chache, ikaondoka. Upande wa juu uliota. Upande wa chini Muthoki aliupanda peke yake baada ya mvua, na ukakauka ukiwa na majani machache.

Mwezi wa pili alivuna alichovuna, akakifunga kwenye gunia, akambeba mtoto. Alipita kwangu kuniaga kabla ya kupanda basi. Sikumzuia.

Baada ya siku kadhaa Mulei akaja kuniuliza kama nimemwona bibi yake.

"Umemtafuta wapi?" nikamwuliza.

"Hapo nyumbani tu."

"Yuko kwao, Nuu. Nenda umfuate."

Akakuna kichwa, akatazama barabara. "Nuu? Lakini huko ni mbali, mama. Si hiyo itanimalizia siku mzima?"

Nikamfungia mlango.