Ubani kwenye Chumba cha Binti Yangu

Binti yangu alikuwa na miaka tisa, na kifua chake kilikuwa adui wa majira ya kuchipua. Kila Septemba ilipokaribia, nyasi na miti ya Johannesburg ikianza kumwaga chavua, alikoroma hata akiwa macho. Mwaka ule nesi wa kliniki alinionya mapema. Nisafishe nyumba kabla baridi haijaisha, maana vumbi la ndani likishakichosha kifua, chavua ya nje ikija huenda mtoto asifike hospitali. Aliyasema hayo huku akitafuta kalamu. Nilimchukia siku nzima, kisha nikajifunga kibwebwe.

Tulikaa Berea, ghorofa ya sita, kwenye jengo la zamani. Mimi ni mtu wa Tanga. Mume wangu alizaliwa Morogoro, mtoto wa wakimbizi wa siasa wa huku, na nilimfuata kwao. Usafi sifundishwi na mtu. Nilichemsha mashuka, nikafua mapazia, nikasugua kwa siki ukungu uliojificha nyuma ya kabati. Mwisho nikang'oa zulia la chumba cha binti yangu, zulia tulilolikuta humo tulipohamia.

Chini yake mbao zilikuwa na alama nne za miguu ya kitanda, zimezama kwelikweli. Zilikuwa pale pale kiliposimama kitanda cha mwanangu. Kutoka hapo hadi dirishani mbao zilikuwa zimelika, njia nyembamba ya nyayo. Mtu alikuwa akiamka na kwenda dirishani, tena na tena, kwa miaka.

Jirani yetu, msusi kutoka Lubumbashi, alichungulia mlangoni lakini hakuingia.

"Eish, mama," akasema. "Mule mulikufiaka muzee mwanamuke. Pumuzi ndiyo ilimumaliza."

Tangu siku ile chumba kikaanza kupumua. Mchana, nikiwa peke yangu, nilisikia hewa ikiingia kwa shida, ikikaa, ikitoka na mluzi. Mume wangu akasema ni upepo wa Agosti kwenye tundu la ukutani. Nikaliziba kwa gazeti. Sauti ikaendelea. Niliogopa, na sioni haya kusema. Niliamini yule bibi anataka kuondoka na mwanangu.

Kwetu nyumba ikishasafishwa hufukizwa. Bila ubani, mama yangu angesema hujafanya kitu. Ijumaa asubuhi, binti yangu akivaa viatu vya shule, nilimwambia, "Leo naweka dawa chumbani kwako, upate kupumua vizuri." Sikutaka kumtia hofu ya mtu aliyekufa. Kiswahili anakielewa chote, ingawa hujibu kwa Kiingereza. Safari hii aliitikia kwa kichwa tu.

Mchana nikajaza makaa kwenye chetezo, nikatia ubani niliounua madukani Mayfair, mwingi, kwa hasira. Nikakiweka katikati ya chumba, nikafunga dirisha na mlango, nikapanda juu ya paa kuanua mablanketi. Mlango wa nje niliuacha wazi.

Niliporudi, sauti ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Ilikwaruza nyuma ya mlango, ikakatika, ikaanza tena. Nikabaki pale na mablanketi mikononi, nikisoma Ayatul Kursi, na nilifurahi, maana nilijua anang'oka.

"Toka!" nikamwambia. "Toka umwache mwanangu!"

Sauti ikazidi kudhoofika. Nikasema alhamdulillahi. Nilipogeuka kuweka mablanketi kwenye kochi, nikaona begi la shule.

Teksi ya watoto ilikuwa imewahi siku hiyo. Nilimkuta kitandani, chetezo amekivuta hadi karibu na mto, midomo imebadilika rangi. Sijui nilishukaje ghorofa sita naye mgongoni. Msusi alitutangulia barabarani, akipiga kelele kusimamisha gari, gari lolote.

Hospitali walimwekea barakoa ya hewa, na ilipita zaidi ya saa nzima kabla hajaweza kusema. Nesi wa pale akaja na karatasi zake. Akauliza kama nyumbani kulikuwa na moshi wowote.

"Hapana," nikasema. Ulimi ulinitangulia.

Binti yangu akaisogeza barakoa kando. Alimtazama nesi kwa fahari kidogo, kama anavyofanya akimjibu mwalimu, akasema kwa Kiingereza chake kwamba mama aliweka dawa chumbani.

"Nikaivuta yote," akasema.

Nesi akaacha kuandika, akanitazama.