Wageni wa Ukutani

Na msiniambie eti ningeongea taratibu. Taratibu nimeongea mwezi mzima, nani alisikia? Mnakuja bandani kwangu, mnakula samaki, mnafuta mikono, halafu mnaniuliza, "Ghati, hivi una akili wewe? Unachomoaje waya wa mtandao wa watu?" Wa watu! Watu gani? Ule mtandao ni wa Nyamhanga. Analipia Nyamhanga, uko ndani kwa Nyamhanga, na nyie huyo Nyamhanga hata jina lake hamlijui. Mnamuita Aiti.

"Aiti leo yupo?" "Aiti amewasha?" Kama vile ni jenereta.

Basi ngoja niwaambie huyo Aiti ni nani. Mimi shule niliishia la saba, kuandika siyo kazi yangu. Kazi yangu ni kukaanga samaki hapa Bweri, pale bodaboda wanaposimama. Lakini nikikasirika naandikaga vizuri.

Nyamhanga ni mtu wa Butiama. Huko mjini ofisini kwao ndiye mtu wa kompyuta, wa IT. Kuna siku nilimpelekea chakula, nikakaa namsubiri amalize. Aisee. Kila mlango ukifunguka unatoa kichwa. "Aiti, printa!" "Aiti, hii imeandika maandishi mekundu!" "Aiti, nimesahau neno la siri!" Hakuna aliyesema umeamkaje. Mama mmoja alimuita kwa kugonga kucha mezani. Jamaa akaingia chini ya meza ya yule mama, akachomeka waya uliokuwa umechomoka, akatoka na vumbi kwenye nywele. Mama ameshaanza kuandika zamani, wala hakumuangalia.

Nikamwambia, "Kaka, hawa wamekuroga au umezoea?"

Akacheka tu. "Dada Ghati, kompyuta ikipona nani anakumbukaga kwamba iliumwa?"

Mke wake ni Matrida, mwalimu, anafundisha Bunda. Uhamisho kila mwaka unaombwa, kila mwaka unakataliwa. Mtoto wao mmoja, Wankyo, anakaa huko na mama yake. Kwa hiyo Nyamhanga anaishi peke yake kwenye ile nyumba ya bati la bluu, nyumba ya vyumba vinne, mtu mmoja. Ukuta wa nje haujaisha, umefika kimo cha kukalia. Huo ukuta mnaujua. Matako yenu yanaujua.

Jioni akitoka kazini anakujaga kwangu, anakula sato na ugali, anaongea na mimi huku nageuza samaki. Ananiambia Wankyo ameng'oka jino. Ananiambia Wankyo amejifunza kusema jina la bibi yake vizuri. Halafu anaenda nyumbani kuchezea vyuma vyake. Anapenda redio za zamani, zile za wazee zilizokufa. Watu wanataka kuzitupa, yeye anazibeba. Anazifungua, anazisugua kwa mswaki, anachomea waya, na redio ikianza kukoroma anafurahi kama amepata mtoto. Zimejaa nyumba nzima. Usiku ukianza kuingia anaziwasha zote, stesheni moja, kila chumba kinaongea. Mara ya kwanza nimepita nje nilidhani amepokea ukoo. Nikachungulia. Mtu mmoja, kikombe kimoja.

Banda la kuku nalo kalitengenezea mlango unaofunguka wenyewe jua likitoka. Siku ya mawingu mazito kuku walishinda ndani mpaka mchana wanalalamika, mimi ndiye nilienda kuwafungulia kwa mkono. Nilimcheka wiki nzima. Yeye anasema, "Ni hesabu tu ya mwanga, nitairekebisha." Rekebisha, kaka.

Lakini kitu chake kikubwa ni taa ya mama. Mama yake ni mzee, anakaa Butiama peke yake. Nyamhanga alimtengenezea kisanduku chenye laini ya simu, kina kitufe kimoja. Mama akishafunga mlango jioni anabonyeza, na huku Bweri, ukutani ndani kwa Nyamhanga, kataa kadogo ka kijani kanawaka. Basi. Hakuna maneno. Kakiwaka anajua mama amelala salama, ndipo na yeye anakula kilichobaki.

Jioni moja hakakuwaka. Alikuwa ameshika kijiko. Aliacha kila kitu, akapanda pikipiki ya Dotto wa bodaboda mpaka Butiama, akamkuta mama chini jikoni, mguu umevimba, ameshindwa kuinuka. Tangu hapo kichwa chake kikawa na neno moja: mama aje akae Bweri.

Mama akakataa. Siyo kwa ubaya. Alisema kwa mila yake nyumba mpya haijawa nyumba mpaka majirani wameingia, wamenawa, wamekaa chini, wamekula. "Silali kwenye nyumba ambayo haijaliwa," ndivyo alivyomwambia. "Hiyo bado ni stoo." Padri amebariki, sawa. Yeye anataka watu.

Sasa Nyamhanga na watu! Huyu mtu akisalimiana na jirani anaangalia viatu. Ndipo akapata wazo lake. Mtandao alikuwa nao ndani kwa ajili ya kazi. Akaondoa neno la siri, akauacha wazi. Akaniambia, "Dada Ghati, watakuja kwa ajili ya mtandao. Wakija watanizoea. Wakinizoea wataingia."

Mkaja kweli! Mkajaa kwenye ule ukuta kama kunguru kwenye waya. Vichwa chini, vidole vinakimbia. Yeye ndani ameweka chupa ya chai na vikombe mezani kila jioni, mlango wazi. Chai inapoa. Anaimwaga.

Nikamwambia, "Kaka, zunguka. Gonga mlango mmoja mmoja. Sema, mama yangu anakuja Jumapili, naomba mje mle. Huku mtu anaalikwa kwa miguu."

"Nisiwasumbue," akasema. "Nimeshawaalika."

"Wapi?"

Akanionyesha simu. Alikuwa amebadilisha jina la mtandao. Ukitafuta mtandao hapo ukutani unakuta limeandikwa: KARIBUNI KULA KWANGU JUMAPILI. "Wanalisoma kila siku," akaniambia. "Hawawezi kuunganisha bila kulisoma." Alikuwa na furaha, jamani. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia, vyote pamoja.

Jumapili ikafika. Mimi nilifunga banda nikaenda kumpikia. Ugali wa muhogo na mtama, sato wa mchuzi, na kuku wale wa mlango wa jua, wawili. Matrida hakuweza kuja, Wankyo alikuwa na tetekuwanga, mwili mzima madoa. Kwa hiyo Nyamhanga aliegemeza kishikwambi mezani, Matrida na mtoto wakawa wanaonekana kutoka Bunda, wanaongea na bibi. Mama alishushwa getini baada ya misa, kavaa kitenge cha sikukuu, rozari shingoni, fimbo mkononi. Alikuwa amebeba na kifuko chake cha nguo. Mnaelewa? Alikuja na nguo. Alikuja kukaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watu wako wapi?"

Akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Viti vyote vimepangwa, sahani zimefunikwa. Nje ukuta umejaa. Mama akawaangalia muda mrefu.

"Wale wana msiba?"

"Hapana mama," Nyamhanga akasema. "Ni majirani."

"Wanasali?"

Nikajibu mimi. "Ndiyo mama, wanasali. Wana dini mpya."

Nikatoka nje. "Nyie! Chakula kiko mezani, mama wa watu ametoka Butiama, ingieni!"

Dotto hakuinua hata kichwa. "Tunakuja dada, hii video imalizie kushuka."

Prudence, fundi cherehani wa nyumba ya pili, akasema, "Mimi nimekula kwangu. Mambo ya kuingiliana majumbani sitaki."

Revocatus naye akaleta sheria. "Huyu Aiti sisi hatumjui. Tunaanzaje kuingia kwake?"

"Humjui? Si umekalia ukuta wake!"

"Ndo hivyo. Ukuta naujua."

Wakacheka. Nikawaambia, "Kwenye simu hapo pameandikwa nini?"

"Karibuni kula kwangu Jumapili," Dotto akasoma. "Si jina tu? Kule stendi kuna mtandao unaitwa Simba Mkali. Nani ameliwa?"

Wakacheka tena, na mimi hapo ndipo damu ilipanda. Nikarudi ndani. Ile mashine ya mtandao iko juu ya kabati, inakonyezakonyeza taa zake kama malaya. Wankyo kwenye kishikwambi alikuwa anamuonyesha bibi madoa ya mkononi, anayahesabu, bibi anacheka. Sikuangalia huko. Nikashika waya, nikavuta.

Mtoto akakatika mdomo wazi. Halafu kioo kikawa cheusi.

"Mtoto kaenda wapi?" mama akauliza.

Nyamhanga akaniangalia. Bora angenitukana.

Huko nje vidole vikagonga vioo bure. Halafu vichwa vikaanza kuinuka, kimoja kimoja, kama watu wameamshwa kwenye basi. Halafu mkaja, kundi zima, kwa mara ya kwanza mmevuka geti la yule mtu. "Aiti! Aiti umezima?" "Aiti, nilikuwa natuma kitu!"

Nikasimama mlangoni. "Mtandao uko mezani. Karibuni. Mnanawia hapa."

Mkatazama meza. Mkatazamana. Mkawa kama mmekuta mtu anaoga.

Mama akainuka. Kwa ule mguu wake. Akachukua jagi na beseni mwenyewe, akaja mpaka kwa Dotto aliyekuwa mbele, akainama kidogo, akasubiri. Mama mzee anamsubiri kijana anawe. Dotto akatoa mkono. Mkono mmoja! Mwingine ameshika simu. Akanawa huo mmoja, akachukua paja la kuku, akauma akiwa amesimama. Simu ikaita, abiria. "Samahani bibi," akaondoka na paja lake. Wengine mkasema, "Basi tutarudi ukiwasha." Mkatoka kinyumenyume mpaka ukutani.

Nyamhanga akaenda akarudisha waya. Nilidhani ni kwa ajili ya mtoto tu. Ila aliponipita akasema taratibu, "Hawana bando, Ghati." Nilitaka kurusha mwiko.

Tukala watatu. Wankyo alirudi kwenye kioo, akala ndizi kule Bunda ili na yeye awe mgeni. Mama akala kidogo sana. Halafu akavuta kile kifuko chake cha nguo, akakiweka magotini.

Nikamwambia, "Mama, mimi nimekula. Mimi si mtu?"

"Wewe umepika. Mpishi ni wa nyumba."

"Na yule kijana?"

Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Yule alinawa mkono mmoja. Ni nusu mtu."

Halafu akamwambia mwanaye maneno ya kwao, marefu, akimshika sikio kama mtoto. Mimi kile Kizanaki nilishika kidogo tu, Nyamhanga ndiye alinieleza baadaye: nyumba yako ni nzuri mwanangu, nitakuja kukaa watu wakishaila. Akapanda gari akarudi Butiama, kwenye lile jiko alilodondoka.

Mimi nilibaki kuosha vyombo. Giza likaanza. Nyamhanga alikaa kwenye kiti cha mama, anatazama ukuta wa ndani. Kataa ka kijani kakawaka. "Amefika," akasema, akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Akainuka akaanza kuwasha redio, chumba baada ya chumba. Nikaondoka. Wanaume wanaolia nawawezaga. Wanaotabasamu vile siwawezi.

Kesho yake mkaja bandani mnacheka, "Aiti kabadilisha tena jina la mtandao!" Ndiyo, kabadilisha. Kaandika MAMA AMERUDI BUTIAMA. Mmelisoma wote. Mmeunganisha wote. Na bado mnaniuliza mimi kuhusu waya.

Mguu wa mama haujapona. Jioni nyingine kataa kanachelewa kuwaka, na Nyamhanga anakaa kwake bila kula, anasubiri. Nimemlazimisha mama kwa simu, amekubali kuja tena Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, na kile kifuko. Ni mara ya mwisho, amesema. Nitawagongea milango mmoja mmoja, kwa miguu yangu. Lakini hii naituma humo kwenye simu zenu kwanza, maana ndiko mnakoishi.

Najua kuna wewe unaisoma hii sasa hivi kwa mtandao wake, umekalia ukuta wake. Inuka. Weka simu mfukoni. Gonga geti, muite Nyamhanga, siyo Aiti. Na hiyo Jumapili njoo na njaa, unawe mikono yote miwili, ukae chini, ule.