Kamera Jikoni kwa Mama

Siku hizi mwenzangu Mmexico anaalikwa huku na huko na filamu zake, filamu za maisha ya kweli zisizo na waigizaji wala bunduki, na watu wenye elimu zao huinua mikono kumwuliza alisomea wapi. Yeye huwatajia darasa lake la Saint Paul. Nikiwa ukumbini hunibidi nijizibe mdomo kwa mtandio. Darasani alikwenda, sikatai. Lakini filamu yake ya kwanza ilipatikana Columbia Heights, pembeni mwa Minneapolis, kwenye jiko la fleti yetu, kwa fujo tupu, na mimi ni shahidi.

Tulijuana dukani. Mimi nauza vitambaa na mabuibui kwenye duka la jamaa zetu hapa Minneapolis, na siku moja ya baridi kali akaingia binti mwembamba, pua nyekundu, akataka kitambaa cheusi kingi, cheusi kabisa, kisichopitisha mwanga. Nikampa pole, nikamwuliza nani amefariki. Akacheka mpaka akashika kaunta. Kumbe alitaka kuziba dirisha la chumba chake apate kutazama vizuri picha alizopiga. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na changu ni cha dukani, lakini wapenda umbeya huelewana tu. Tangu siku hiyo hatujaachana.

Asubuhi alikuwa akipakia maboksi kwenye ghala moja huko Plymouth, na jioni anapanda basi kwenda kusomea filamu. Mwisho wa masomo kila mwanafunzi alitakiwa aonyeshe filamu fupi mbele ya watu, na mmoja wao angechukuliwa kazi na kampuni. Hilo la kazi lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa mamake. Mama huyo, kule Mexico, alikuwa ameshapata viza na tiketi, na alisema wazi kwenye simu: nakuja kuiona hiyo filamu, na nikiona unateseka tu huko, tunarudi nyumbani sote wawili. Mwenzangu alinieleza haya akila viazi karai vyangu nyuma ya kaunta. Alitaka kubaki, alitaka hii kazi ya filamu kuliko kitu chochote duniani, na filamu hakuwa nayo. Hakuwa hata na mtu wa kumpiga picha.

Mimi na kimbelembele changu nikamwambia aje ampige mama yangu.

Mama hupika mahamri ya kuuza. Ya harusi, ya Idi, ya mtu aliyeamka tu akaikumbuka Mombasa akashikwa na hamu. Nilipomwambia kuna binti anataka kumchukua picha akipika, alikubali, sharti kichwa chake kiwe kimefunikwa. Yule binti naye alikuja na amri ya mwalimu wake: mpiga filamu asiguse kitu, asiseme kitu, asimame jikoni kama kabati.

Siku ya kwanza tulimkuta mama kwenye sofa. Wallahi alikuwa amevaa gauni alilovaa kwenye harusi ya kaka yangu, dhahabu masikioni, wanja machoni, na udi umefukizwa nyumba nzima, sijui kamera inanusa? Mikono juu ya magoti, macho mbele. Kwa mama, picha ni ile ya studio ya ujana wake, ukitikisika umeiharibu. Kamera ikawashwa, mama akaganda. Na kwa kuwa kabati halisemi, mwenzangu naye akaganda. Wakatazamana hivyo mpaka shingo ya mama ikaanza kutetemeka, akaniuliza bila kusogeza midomo kama yule msichana amelala. Nilitoka nje kwenye theluji bila koti nikacheka huko.

Siku ya pili mama aliamua kwamba tatizo ni njaa. Kwani mgeni gani husimama jikoni kwa watu ameshika chuma, na chakula kimeshaiva? Akamnyang'anya kamera, akaiweka juu ya friji, akampakulia. Pilau, halafu samaki wa kupaka, halafu kaimati, na chai ya tangawizi ya kuyateremsha hayo yote. Kila akitaka kunyanyuka, sahani inajaa tena. Nilipokuwa namrudisha kwake alikuwa amelegeza mshipi, anacheka na machozi yanamtoka. Mamake anatua wiki ijayo, aliniambia, na cha kumwonyesha ni bibi aliyeganda. Nika-drive tu.

Lakini wahenga wetu walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mama alikuwa na oda ya harusi ya huko Coon Rapids, mabeseni ya unga yanangoja, na mke wa kaka yangu, anayemsaidia kila mara, ameitwa shifti hospitalini. Mwenzangu akaingia, akasema shikamoo yake niliyomfundisha, akaenda kusimama kwenye kona awe kabati. Mama alimtazama juu mpaka chini. Akamvua kamera shingoni, akanipa mimi, akamfunga leso kiunoni na kumsukumia beseni.

"Kanda," akamwambia, kwa Kiswahili, kwa sababu mama akiwa na haraka hana haja na lugha ya mtu.

Maskini, alinitazama kwa hofu. Nikamwambia akande, nitapiga mimi. Nikabonyeza kile kidude chekundu nilichozoea kumwona akikibonyeza, nikaishika kamera kwa mikono miwili kama sinia ya chai. Kunyamaza ndiko sikuweza. Mimi sijanyamaza hata kwenye hitima. Nilimtangazia kwamba unga unamshinda. Nilimwambia mama anamwonea mtoto wa watu. Nikala visheti huku napiga, na kwenye filamu utavisikia vikivunjika. Mama naye, kwa kuwa mwenye kamera ni mwanawe tu, aliisahau kabisa. Unga mpaka kidevuni, anaimba, anagomba, anasogeza beseni karibu na hita na kulifunika leso, maana huku bila hita unga hauumuki ng'o.

Kasheshe ikaja kwenye kusukuma. Mwenzangu alipewa madonge na kijiti cha kusukumia, akakiweka kando. Akalitwaa donge akaanza kulipiga kwa viganja, pa pa pa pa, kulia, kushoto, vile wafanyavyo kwao kwa mikate yao ya mahindi, mpaka likawa jembamba kuliko leso. Akalitia mafutani kwa fahari. Halikufura. Likalala tu humo, bapa. Akapiga la pili, nalo likalala. Mama akamkamata kiganja, akakichapa kofi dogo.

"Mwanangu, hamri lina roho," akasema. "Wewe unaliua kabla halijazaliwa."

Nilipotafsiri, mwenzangu alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akakosa pumzi. Mama akacheka, mimi nikacheka, kamera ikapiga friji, ikapiga dari, ikapiga mguu wangu. Sikumbuki kufurahi hivyo tangu nije nchi hii. Oda ya Coon Rapids ilichelewa, na baadhi ya mahamri yaliliwa bapa vile vile.

Kesho yake alinipigia simu analia kweli kweli. Ameitazama filamu niliyoipiga. Yeye mwenyewe yumo kila mahali, sauti yangu imo kila mahali, na amri ya mwalimu imevunjwa tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, kwani ana nyingine? Hakuwa nayo. Akaikata, akaiunga, akaipeleka.

Ukumbi ulijaa. Mamake alikaa safu ya mbele, mwanamke mfupi, mkoba magotini, koti hajalivua, uso wa mtu aliyekuja kukagua. Mama yangu alikaa karibu naye na bakuli lake la mahamri, wakaamkiana kwa vichwa. Taa zikazimwa. Watu walianza kucheka pale sauti yangu ilipotangaza kwamba unga unamshinda binti, na mwalimu mwenye amri zake alicheka kuwashinda wote. Viganja vilipoanza pa pa pa, mwanamke wa Mexico alipasua kicheko kimoja kikubwa akajiziba mdomo. Kisha likaja lile kofi dogo, na hapo akaacha kucheka. Akainama kutafuta kitambaa mkobani. Mwenzangu aliniminya mkono hadi ukaniuma. Sote wawili tulijua mambo yameharibika.

Kazi ya kampuni alipewa mwanafunzi aliyepiga watu wanaovua samaki kwenye ziwa lililoganda, na alistahili, filamu yake ilikuwa nzuri na ya kimya. Mwenzangu hata hakusikia ikitangazwa. Alikuwa anamtazama mamake akitujia, macho mekundu, na koti lake bado mwilini.

Mama huyo alimpita bintiye akasimama mbele ya mama yangu. Akasema maneno mengi kwa Kispania. Mwenzangu alianza kunitafsiria kwa Kiingereza, akakwama, akaanza upya. Aliponimalizia, nikamgeukia mama.

"Anasema kila akipiga simu huambiwa mambo ni mazuri, na haamini," nikamwambia mama. "Anasema alikuwa hapati usingizi, akiogopa kwamba huku mwanawe hana hata mtu wa kumgombeza."

Mama aliweka bakuli chini. Akaishika mikono ya yule mwanamke, yote miwili, asiiachie.

"Mwambie arudi kwake alale," akasema. "Huyu tutamgombeza sisi."